Kuongeza mafuta kwenye pampu ya dizeli: pampu hurekebishwa Tanga, hukumu hutolewa Lushoto

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80, injini 1HD-T, lita 4.2, silinda sita, tabo ya kiwandani (feni inayosukuma hewa kwenye silinda), bila interkula, yaani kipoza hewa ya tabo. Kazi yake ni kuvuta trela la boti kati ya Tanga na Pangani, na mara nyingine kupandisha mzigo Lushoto. Lilifika gereji na shida ambayo kila fundi wa dizeli ameshaisikia: gari zito, halivuti, na likikanyagwa linatoa moshi mweusi kama tanuri la chokaa.

"Mwanangu, hiyo skrubu ya nyuma izungushe kidogo tu," alisema mzee mwenye gari.

"Mzee, hiyo imeshazungushwa. Sili haipo."

Na kweli. Waya wa risasi ulikuwa umekatwa, nati ya kubania ina alama za plaizi, na vichwa vya skrubu za mfuniko wa juu wa pampu vimeliwa. Kuna mkono ulishapita. Hapo kazi inabadilika jina: si kuongeza mafuta tena, ni kwanza kujua pampu imefikishwa wapi. Na gari likitoa moshi mweusi huku halivuti, mafuta si kitu linachokosa. Yaliyopo tayari hayapati hewa ya kuyachoma, na mzee anayalipia yatoke kwenye ekzosi.

Pampu ya 1HD-T ni ya aina ya VE, muundo wa Bosch uliotengenezwa na Denso. Pampu ya mstari iliyozoeleka kwenye malori ina plunja moja, yaani pistoni ndogo ya kusukuma mafuta, kwa kila silinda. VE ina plunja moja kwa silinda zote sita: inazunguka ili kugawa mafuta, na papo hapo inakwenda mbele na kurudi ili kuyasukuma. Juu ya plunja kuna kola inayoteleza. Kola ikisogea kuelekea kichwa cha pampu, tundu la kumwagia linachelewa kufunguka na mafuta mengi zaidi yanakwenda kwenye nozeli. Njia karibu zote za kuongeza mafuta ni namna tofauti za kuisogeza kola hiyo. Skrubu ya nyuma huisogeza wakati wote, tabo iwe inapuliza au haipulizi. Kompenseta, kile kidude chenye dayaframu juu ya pampu, huisogeza kadiri presha ya tabo inavyopanda. Gavana huirudisha kola pale injini ikifikia mzunguko wa mwisho.

Ukielewa tofauti ya skrubu na kompenseta umeelewa nusu ya kazi. Skrubu inaongeza mafuta hata pale ambapo hewa haijaongezeka, ndiyo maana gari lililofunguliwa skrubu peke yake linatoa wingu likiondoka kwenye taa kisha linakuwa la kawaida. Mafuta ya ziada yapitie kwenye kompenseta, yaje pamoja na hewa yake. Skrubu iguswe mwisho, na kidogo.

Kabla ya spana yoyote kugusa pampu, tulipima upande wa kuingiza mafuta. Tulifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya kuingilia pampu, injini ikawashwa, viputo vikaonekana. Clipu ya mpira mkuukuu karibu na chujio ilikuwa inavuta hewa. Dizeli haikuvuja nje hata tone, kwa sababu pale mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Toyota hii haina pampu ya umeme ya kuleta mafuta toka tangi. Inategemea pampu ndogo ya mabawa iliyo ndani ya pampu yenyewe. Chujio likiziba kidogo au hewa ikiingia kidogo, presha ya ndani inashuka, na presha hiyo ndiyo inayosukuma pistoni ya taimingi, inayopanga wakati wa kumwaga mafuta. Kwa hiyo gari linachelewa kuchoma, linakuwa zito, na mwenye gari anaomba aongezewe mafuta.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi na lilichukua dakika mbili kulitengeneza. Pampu ya VE ina bolti mbili za mabomba zinazofanana kwa macho, ya kuingiza na ya kurudisha. Ya kurudisha imeandikwa OUT kichwani, na ndani yake ina tundu dogo sana linalobana mafuta yanayorudi tangini ili presha ibaki ndani. Aliyefungua mwanzo alizibadilishana. Mafuta yakawa yanaingia kwa kubanwa na kutoka kwa uhuru. Kwenye pampu nzima ya aina hii presha ya ndani huwa kama bar 3 hadi 4 injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa), na hupanda hadi 7 au 8 mzunguko ukiongezeka. Hii haikukaribia huko. Ukiitwa kuangalia pampu ambayo imeshafunguliwa na mtu mwingine, anza na hizo bolti mbili. Soma maandishi, halafu ipulize ile ya OUT uone tundu halijaziba.

Kisha ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa kwenda kwenye kompenseta. Ulikuwa umepasuka sehemu ya kona, upande wa chini usioonekana. Mpira huo ukipasuka dayaframu haipati presha na mafuta ya tabo hayaji kabisa. Yamkini ndiyo sababu mtu wa kwanza aliamua kuifungua skrubu: alikuwa anafidia mpira uliotoboka. Dayaframu yenyewe hupimwa kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Jaza hadi bar 0.7, subiri. Sindano ikishuka haraka, dayaframu imechanika au imekauka. Pampu zilizokaa miaka pwani dayaframu huwa ngumu kama ganda hata kama haijachanika, na hapo inasogea kwa kushtuka badala ya kushuka taratibu.

Baada ya clipu, chujio jipya, bolti kurudishwa mahali pake na mpira kubadilishwa, mzee aliliendesha hadi Pongwe na kurudi akasema gari limepona. Angekuwa mteja anayetaka gari tu, kazi ingeishia hapo na angelipa hela ndogo. Lakini moshi wa chini ulikuwepo bado, na trela alitaka livutwe vizuri zaidi ya kiwandani.

Kinachofuata ni geji, na hapa hakuna mjadala. Geji ya presha ya tabo na geji ya joto la ekzosi. Kipimo cha joto kifungwe kabla ya tabo, kwenye manifoldi, mahali gesi za silinda kadhaa zimeshakutana. Kikifungwa baada ya tabo, usomaji unakuwa chini kwa digrii 100, hata 200 au zaidi gari likiwa na mzigo, kwa sababu tabo imeshanyonya sehemu ya joto. Wapo wanaotoboa manifoldi ikiwa kwenye gari huku injini inanguruma ili chembe za chuma zitoke na moshi. Sisi tunaifungua. Chembe moja ikigonga majani ya tabo, bei ya tabo inazidi ya saa mbili za kufungua nati.

Kikomo tunachofuata kwa injini hii ni nyuzi 650 kwa mwendo wa kudumu, na 700 kwa muda mfupi tu wa kupita gari au kumalizia kilima. Aluminiamu tupu huyeyuka nyuzi 660, na aloi ya pistoni huanza kupoteza nguvu mapema zaidi. Pistoni haifikii joto la gesi kwa sababu inapoozwa na oili na hewa mpya inayoingia, lakini ukiliacha joto juu kwa dakika nyingi, upoozaji huo unazidiwa. Geji ya maji haikuambii hilo. Rejeta inaweza kuwa imetulia kabisa wakati kichwa cha pistoni kinapasuka.

Jambo jingine la 1HD-T ambalo wauza magari hawalisemi: beringi za konrodi. Injini za mwanzo za aina hii zinajulikana kwa kumaliza beringi hizo. Kuongeza mafuta ni kuongeza nguvu inayogonga juu ya beringi hizo hizo. Tulishusha sampu, tukafungua konrodi moja moja, na mbili zilikuwa zimeanza kuonyesha rangi ya shaba. Zikabadilishwa zote sita. Mzee hakufurahi, kwa sababu alikuja kwa ajili ya skrubu na sasa anaambiwa habari ya beringi. Lakini beringi ikishikana inaondoka na krenki, na hapo unatafuta injini nyingine. Mkanda wa taimingi nao ubadilishwe kama umekaribia kilomita 100,000. Ndio unaoizungusha pampu.

Sasa pampu. Kwanza andika. Pima kwa vania urefu wa uzi wa skrubu ya nyuma uliojitokeza nje ya nati, uandike kwa milimita. Piga picha ya mkono wa mafuta, skrubu ya silensa, skrubu ya mzunguko wa juu. Safisha pampu nje kwa dizeli na brashi hadi ing'ae, kisha ipulize, kabla ya kufungua chochote. Chembe ya mchanga inayoingia kupitia kompenseta haitoki. Itazunguka hadi ikute plunja.

Mfuniko wa kompenseta ulipotoka, dayaframu ilinyanyuliwa pamoja na pini yake. Pini hii ndiyo kitu cha kuangalia kwa makini. Ni kijiti cha chuma chenye sehemu iliyochongwa kwa mteremko, na mteremko huo hauko katikati: upande mmoja ni wa kina, upande wa pili ni wa kina kidogo. Kijiti kingine cha pembeni hugusa mteremko huo. Tabo inapopuliza, dayaframu inashuka na pini, kijiti cha pembeni kinazama kwenye sehemu nyembamba zaidi, na gavana inapata nafasi ya kuisogeza kola. Kwa kuwa mteremko hauko katikati, ukiigeuza tu dayaframu nzima unaweza kuchagua upande wenye mafuta mengi au machache bila kukata chuma. Kiwandani mara nyingi huwekwa upande wa wastani. Weka alama ya kalamu kwenye dayaframu na kwenye bodi, kisha geuza robo mzunguko na ujaribu barabarani.

Pini ya gari hili ilikuwa imepitishwa kwenye jiwe la grenda. Ukiishika kwenye mwanga unaona mistari ya jiwe imekwenda mshazari, ngazi mbili zilizokatwa mahali palipotakiwa kuwa laini, na chini ya mteremko kuna shimo dogo ambalo kijiti cha pembeni kilikuwa kinanasa. Ukipitisha ukucha unakwama mara mbili. Hivyo gari likikanyagwa, mafuta yanakuja kwa kuruka, na likiachwa yanachelewa kurudi. Mtu akitaka kuichonga pini afanye kwenye mashine ya kukereza, au kwa msasa laini wa namba 600 na kuendelea pini ikizungushwa, asizidi sehemu chache za kumi za milimita, na amalizie kwa kung'arisha. Chuma hiki kimefanywa kigumu juu tu. Ukichimba sana unafikia chuma laini ambacho kijiti kitakila ndani ya miezi. Tulitafuta pini nzima kutoka pampu iliyokufa. Ikapatikana, tukaachana na habari ya kuchonga.

Wakati wa kurudisha pini, kijiti cha pembeni huwa kimesogea ndani kwa sababu hakuna kinachokizuia. Usiisukume pini kwa nguvu. Kirudishe kijiti kwa bisibisi nyembamba, pini itashuka kwa uzito wake.

Chini ya dayaframu kuna springi, na chini ya springi gurudumu lenye meno kama nyota. Gurudumu hilo hukaza au kulegeza springi. Likilegezwa, dayaframu inaanza kushuka kwa presha ndogo zaidi, na mafuta yanakuja mapema. Watu wengi hulilegeza hadi mwisho wakidhani wameongeza nguvu. Wameongeza moshi wa chini, maana mafuta sasa yanafika kabla tabo haijaamka. Hesabu meno, sogeza matatu au manne, jaribu, andika. Gari hili lilitulia likiwa limekazwa kidogo kuliko tulivyolikuta.

Kwa nini tusimwage tu mafuta? Hesabu ni hii. Silinda moja ya injini hii ina ujazo wa kama cc 694. Kwa joto la Tanga la nyuzi 30, ikijaa kama asilimia 85, inavuta karibu gramu 0.68 za hewa. Dizeli inahitaji hewa mara 14.5 ya uzito wake ili iungue yote kwa nadharia, lakini ndani ya silinda mchanganyiko si kamili, kwa hiyo ili moshi usionekane uhesabu mara 20. Unapata miligramu 34 za dizeli, kama milimita za ujazo 41 kwa kila mpigo, bila tabo. Tabo ikifika bar 0.6 hewa inaongezeka, ila haiongezeki mara 1.6 kama geji inavyokushawishi, kwa sababu kubanwa kunaipasha hadi karibu nyuzi 97. Kwa uzito inaongezeka kama mara 1.3, na dizeli inayobebeka inafika milimita za ujazo 54 hivi. Ukiipooza hewa hiyo kwa interkula hadi nyuzi 50, unafika 61. Presha ile ile ya tabo, na nafasi ya mafuta imeongezeka zaidi ya asilimia 10 bila ekzosi kupata joto zaidi. Ndiyo maana pesa ya interkula ni pesa nzuri kuliko pesa yoyote inayoingia ndani ya pampu.

Skrubu ya nyuma sasa. Shika skrubu kwa bisibisi, legeza nati ya kubania, zungusha kuingia ndani ili kuongeza. Kipimo ni moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja, si nusu, si "kidogo" ya mzee. Kwenye VE skrubu hii inahamisha egemeo la wenzo mzima, kwa hiyo kila ukiongeza, silensa nayo inapanda. Irudishe chini kwa skrubu yake. Itafika mahali silensa hairudi tena, au injini ikiachwa inachelewa kushuka kama inasitasita. Hapo umepita. Rudi nyuma robo mzunguko. Oringi ya skrubu hiyo ibadilishwe, vinginevyo itavuja usiku kucha na asubuhi utakuta pampu imejaa hewa.

Usijaribu hatua hii peke yako. Injini inaweza kukimbia yenyewe. Mtu mmoja akae kwenye usukani mkono ukiwa kwenye ufunguo. Kama chanzo ni pampu, solinoidi ya kuzimia itakata mafuta. Mwingine asimame karibu na njia ya hewa iliyofunguliwa, ameshika kibao bapa kinachotosha kuziba mdomo wote. Hicho ni kwa ajili ya tabo iliyochoka inayopitisha oili, maana injini ikianza kula oili yake ufunguo haufanyi kitu. Kibao, kamwe si kiganja, wala kitambaa, maana kitambaa kinavutwa chote. Na uvujaji wa mabomba ya nozeli utafutwe kwa kipande cha katoni. Mafuta ya presha ile hupenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo, na mtu anaweza kupoteza mkono asipofika hospitali mapema.

Pampu ilikwenda kwenye testibenchi, mashine ya kupimia pampu, kabla ya kurudi barabarani, kwa kuwa pia ilikuwa inavuja kwenye shafti ya mkono wa mafuta. Bei ya kalibresheni huwashtua wengi, lakini ndicho kipimo pekee kinachokupa namba kwa kila bomba. Mwambie fundi pampu akupimie kompenseta ikiwa haina upepo, halafu kwa bar 0.3, halafu 0.6, akuandikie matokeo ya matundu yote sita. Pampu yetu tundu la nne lilikuwa chini ya wenzake. Kwa kuwa plunja ni moja, tofauti ya tundu moja mara nyingi ni valvu ya kutolea mafuta au wosha yake ya shaba, na ilikuwa wosha iliyotumika mara ya pili. Valvu hizo zisichanganywe. Kila moja irudi kwenye tundu lake.

Valvu hizo zina kishawishi chake. Wapo wanaopunguza kola ya valvu ili mafuta mengi yapite. Kola ile ina kazi ya kunyonya mafuta kidogo kurudi mwishoni mwa mpigo, ili nozeli ifunge kwa kukata. Ikipunguzwa, presha inabaki ndani ya bomba, nozeli inadondosha, ncha inajaa kaboni, na moshi unarudi. Tulikataa. Kuhusu kubadilisha kichwa na plunja kubwa, hesabu yake inavutia: kutoka milimita 10 hadi 11 eneo linaongezeka asilimia 21, kutoka 11 hadi 12 karibu 19. Lakini kichwa na plunja husagwa pamoja kwa nafasi ya mikroni chache, huuzwa pamoja, na mzigo wa ziada unaangukia kamu na rola za pampu. Kwa gari la kuvuta boti haina maana. Iachiwe wenye magari ya mashindano na mifuko yao.

Pampu iliporudi, taimingi ilipimwa kwa dayal geji, si kwa kuangalia alama zilizochongwa kwenye bodi. Kuna pulagi katikati ya kichwa, kati ya mabomba sita. Toa, funga geji, rudisha krenki hadi sindano itulie, weka sifuri, kisha peleka pistoni ya kwanza juu kabisa na usome. Linganisha na kitabu cha injini yako. Kwanza utenge kile kifaa cha kuwashia injini baridi kwa kukiwekea kipande cha chuma, maana kikiwa kimekaza kinasogeza taimingi na utaweka namba ya uongo.

Jaribio la kwanza lilikuwa Tanga hadi Muheza na trela tupu. Joto 540, presha bar 0.6, moshi hakuna. Kila mtu akatabasamu. Jaribio lenye maana likafuata: Mombo kwenda Lushoto, kilomita zaidi ya 30 za kona na kupanda, mzigo umejaa. Hadi katikati geji ilisoma 620. Karibu na Soni ikafika 690 na nyuma moshi ukaanza kuonekana kwenye kioo.

Sababu ni mwinuko. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ufukweni. Tabo inafidia kiasi, lakini dayaframu inapima presha dhidi ya hewa ya nje, kwa hiyo kwa bar 0.6 ile ile kwenye geji hewa halisi ndani ya silinda ni kidogo kuliko Tanga. Pampu haijui. Inamwaga mafuta ya Tanga kwenye hewa ya Lushoto, na mlimani ndiko gari linakaa limekanyagwa dakika nyingi bila kupumzika. Fundi anayerekebisha pampu pale Chumbageni, mjini Tanga, na kuijaribu kwenye barabara tambarare anapima nusu ya kazi.

Skrubu ikarudishwa nyuma robo mzunguko pale pale kando ya barabara, injini imezimwa kwanza na ekzosi kuachwa ipoe. Dayaframu ikageuzwa kidogo kurudi upande wa kiwandani. Kupanda tena kulikuwa 640, moshi hakuna, na gari lilipoteza kitu kidogo sana ambacho mzee hakukihisi. Baadaye interkula ilipofungwa, skrubu ilirudishiwa moja ya nane, na kilele cha joto kikabaki chini ya 650.

Kwa pesa, mpangilio ulikuwa huu, kuanzia kubwa: interkula na mabomba yake, kalibresheni ya pampu, beringi, geji mbili, klachi ambayo ilianza kuteleza wiki chache baadaye kwa sababu sasa kuna nguvu ya kuitelezesha, na mwisho kabisa vile vitu vya mwanzo: clipu, mpira, chujio, wosha. Vya mwanzo ndivyo vilivyorudisha sehemu kubwa ya nguvu.

Pampu ya VE haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa yanapita kwenye nozeli na kuwaka, lakini yanaikausha plunja. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta ili kupambana na hilo, hata hivyo nunua kwenye kituo chenye foleni ya malori, si kwenye madumu kando ya njia. Pwani, tangi lililoachwa nusu usiku linatengeneza maji; lijaze jioni, na fungua tapu ya chini ya chujio kila wiki hadi itoke dizeli tupu. Ule mpira wa kompenseta ukaguliwe kila unapobadilisha oili, kwa kuukunja kona zote kwa vidole, na ile karatasi ya vipimo vya skrubu, meno ya gurudumu na alama ya dayaframu ikae ndani ya gari, ili fundi ajaye asianze kwa kukisia.